Mashine ya Kutufundisha Maziwa

Mama aliyenifundisha kazi ya maziwa alikuwa ametoka upande wa ziwa kabla mimi sijazaliwa, akimfuata mumewe aliyekuwa fundi wa mabomba katika shamba moja la chai. Mume alikufa, yeye akabaki. Nilipomkuta alikuwa na miaka hamsini na kitu, mnene, miguu imevimba, na kazi yake ilikuwa kumfundisha kila mfanyakazi mpya katika kampuni ndogo ya maziwa karibu na Sosiot. Tulikuwa watu kumi na wanne. Asubuhi tulipokea maziwa ya wakulima, tukayapima, tukayachemsha, tukatengeneza mala, yale maziwa ya kugandishwa, na kuifunga kwa pakiti za nailoni.

Mimi alinifundisha kwa wiki tatu bila kitabu. Alifungua mkebe, akanishika kisogo na kuniinamisha.

"Nusa kifuniko kwanza, nyathina. Harufu inakaa kwa kifuniko."

Nyathina kwa lugha yao ni mwanangu. Nilipochanganya vibaya spiriti na maziwa, kipimo cha kuonyesha kama yameanza kuharibika, alinirudisha mwanzo mbele ya wakulima wote, na nilipoanza kazi bila kunawa alinichapa vidole kwa mwiko. Nilimwogopa, na nilimpenda.

Mwenye kampuni alikuwa mjane wa huko huko kwetu. Tulimwita Madam. Marehemu mumewe ndiye aliyemwajiri Mama, na Madam hakuwa na neno naye mpaka asubuhi ile Mama alipokataa mikebe miwili iliyoletwa na kaka yake Madam. Maziwa yalikuwa yametiwa maji. Kaka akapiga kelele, wakulima wakakusanyika, na Mama akamwaga tone kwenye ukucha wake, akainua mkono ili kila mtu aone lilivyoteleza na kuanguka badala ya kushika. Watu wakacheka. Madam alikuwa amesimama dirishani, akiangalia.

Miezi michache baadaye akaja mkaguzi wa serikali. Alitaka kujua ni nani amefundishwa nini, lini, na alifaulu vipi. Hatukuwa na karatasi hata moja, kwa hivyo akatupa muda wa kujipanga. Wakati huo nilikuwa nimepandishwa kuwa karani, na nilikuwa nimesomea kompyuta miezi sita mjini Kericho. Madam akaniambia nimtafutie mpango wa kufundisha wafanyakazi, wenye mitihani na rekodi, kisha nimwandikie ripoti ya ukurasa mmoja.

Niliangalia njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kaseti za video kutoka kwa mwuzaji wa Nakuru. Zilionyesha ng'ombe wakubwa wa Ulaya wakikamuliwa na mitambo, na watu wetu wakasinzia katika zote mbili tulizojaribu. Ya pili ilikuwa kumwacha Mama afundishe vile alivyozoea, nami niandike kwenye daftari jina la mtu, somo, na kama ameweza. Ya tatu ilikuwa programu ya kompyuta iliyokuja kwa disketi sita. Mtu anasoma somo kwenye skrini, anajibu maswali ishirini, na mashine inampa alama na kuzihifadhi.

Daftari lingetosha. Nililijua hilo tangu mwanzo, kwa sababu mkaguzi mwenyewe aliniambia pale langoni akiondoka: "Hata daftari ni sawa, bora liwe linajazwa." Sikumwambia Madam. Kompyuta ingehitaji mtu wa kuiendesha, na mtu huyo angekuwa mimi, ndani ya ofisi, na viatu vikavu.

Mwuzaji wa programu alikuja Jumamosi moja na mashine yake, tukaiweka juu ya meza katika stoo ya pakiti. Madam aliwaita wafanyakazi wote. Nilidhani mimi ndiye nitakayeonyesha jinsi inavyotumika.

"Hapana," Madam akasema. "Mama akae hapo. Kama yeye ataweza, kila mtu ataweza."

Mama alikuwa amefika darasa la nne tu. Maswali yote yalikuwa kwa Kiingereza. Alijifuta mikono kwenye aproni, akaketi, akaniangalia.

"Utanisomea, nyathina?"

"Nitakusomea, Mama."

Swali la kwanza liliuliza maziwa yakifika, hatua ya kwanza ni ipi. Nikamtafsiria.

"Kunusa kifuniko," akasema.

Kulikuwa na majibu manne, na hakuna hata moja lililotaja kifuniko. Lilikuwapo moja lililosema kukagua maziwa kwa macho na pua kabla ya kipimo chochote, lakini lilikuwa limeandikwa kwa maneno makubwa, na ningehitaji dakika moja kulifafanua. Nilijua ndilo alilomaanisha. Nikabonyeza lililosema joto lipimwe.

Mashine ikatoa mlio kama wa mbuzi aliyekanyagwa. Kila jibu la makosa lilikuwa na mlio huo. Wa kwanza kucheka alikuwa mwuzaji, kisha Madam, kisha wote, hata wale aliowafundisha kushika mkebe. Kuanzia swali la tano nilikuwa nikitafsiri nusu nusu na kubonyeza haraka, kwa sababu kila mlio ulipotoka watu walinitazama mimi kama mtu anayejua kitu. Mama alitoa majibu yake yote kwa sauti ile ile. Alipata matatu kati ya ishirini. Printa ikatoa karatasi, na Madam akaniambia niibandike mlangoni. Nikaibandika.

Hapo Mama akasimama.

"Leteni ile mikebe ya asubuhi," akasema.

Ililetwa mikebe minane. Alipita akiinua vifuniko kimoja kimoja, akasimama kwa wa sita. "Hii iko na maziwa ya jana ndani." Tuliyapima kwa spiriti, yakakatika mabonge mabonge mbele ya macho yetu. Nilifikiri mambo yamegeuka, na sitaficha kwamba nilikasirika.

Madam akaangalia mabonge yale, akamwangalia Mama.

"Ni kweli," akasema. "Lakini pua yako siwezi kuiweka kwa faili."

Niliandika ripoti siku hiyo hiyo. Nilichagua kompyuta. Njia ya daftari niliipa mstari mmoja: kwamba haifai kwa sababu mwalimu aliyepo hafundishiki. Neno hilo halikuagizwa na mtu yeyote. Lilinijia, nikaliona limekaa vizuri, nikaliacha.

Jumatatu Madam alituita ofisini, mimi na Mama. Nilitarajia atazungumza yeye. Badala yake alinipa ripoti yangu.

"Msomee. Si unajua kutafsiri?"

Nilisoma. Nilipofika kwenye mstari ule nilijaribu kuuruka, na Madam, aliyekuwa akifuatilia nakala yake kwa kidole, akasema, "Umeacha kitu." Nikarudi nikausoma.

Mama aliweka mikono juu ya magoti.

"Hayo ni maneno yake ama ni yako?"

"Ni yangu, Mama."

"Haya," akasema, na akauliza kama anaweza kurudi kazini, maana maziwa yalikuwa yanafika.

Hakufukuzwa. Madam alimpeleka kuosha mikebe, chini ya mama mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake mwaka uliotangulia, na akaamuru afanye mtihani kila mwezi kama wafanyakazi wengine. Kila mwezi nilimwita ofisini, nikamsomea, akajibu, nikabonyeza. Sasa nilitafsiri vizuri, lakini yeye alikuwa ameacha kujaribu. Alisema tu, "Weka yoyote." Alama zilibandikwa. Baada ya miezi mitano hivi aliacha kuja kazini. Aproni yake aliituma imefuliwa na kupigwa pasi.

Mashine ilifanya kazi, na lazima niseme hivyo. Mkaguzi aliridhika, watu walifaulu, na mimi nilipata kiti. Ila maziwa yaliyoharibika yalituingilia mara kwa mara, nasi tukawa tunayamwaga mtaroni kimya kimya, huku mafaili yakisema kila mtu amehitimu.

Miaka miwili ikapita. Nilikuwa Chepseon kwa shughuli za kanisa nilipomwona Mama katika kihoteli karibu na soko, akimpokelea mwenye hoteli maziwa. Nilimsubiri amalize. Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha, nikamweleza pia kuhusu daftari na maneno ya mkaguzi, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua, Mama."

"Mimi nilifikiri hukujua. Nilifikiri ni utoto." Akachukua kitambaa akafuta meza mbele yangu, polepole, mpaka pembeni. "Ungeniachia hiyo."

Kisha akaniuliza kama nataka chai ya maziwa ama ya rangi, akiniita customer, kama wanavyowaita wageni huko. Nikasema ya maziwa. Akaileta, akaiweka, akaenda jikoni, na mtu mwingine ndiye aliyekuja kuchukua kikombe.