Mbuzi Mwenye Waya Pajani

Mbuzi mimi nilikuwa namjua kwenye mchuzi tu. Nilikuwa fundi wa redio, natengeneza mashine za hospitali hapo mjini, mpaka daktari mmoja mgeni, mtafiti wa mishipa ya fahamu, alipotaka nimbunie kidude kisichozidi kokwa ya tende. Kikae ndani ya mwili, kiushtue mshipa uliolegea. Betri kisiwe nayo. Umeme kiupate kwa kisanduku cha nje, kupitia ngozi, kama redio inavyonasa sauti.

Kilinitoa jasho! Koili ya waya mwembamba, dayodi moja ya kupitisha umeme upande mmoja, ncha mbili za chuma. Adui alikuwa chumvi ya mwilini. Nikikiziba kwa nta na kukitia kwenye kikombe cha maji ya bahari, siku ya tatu kimekufa. Mwisho nikakivika ile plastiki ya ufizi wa meno ya bandia. Kikadumu. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Daktari akakishona pajani mwa mbuzi, nami nikamfuga uani kwetu Ng'ambo. Tulikubaliana hivi: kikifanya kazi mwezi mzima, akawaonyesha wakubwa wake mbuzi, ataniandikia barua ya kuombea ruhusa nifuatane naye kwao nikasomee kazi ile. Miaka hiyo, baada ya Mapinduzi, bila ruhusa ya serikali hutoki Unguja hata ulie damu. Kisiwa kilikuwa kinanisonga, nasema kweli, na kusema huthubutu. Hata ami yangu niliyekaa kwake sikumwambia. Nilimwambia mbuzi ana jeraha, namuuguza.

Zilibaki siku tatu. Asubuhi nimemfunga mbuzi kisanduku chini ya bandeji, mguu unaruka vizuri kabisa, nikaitwa ofisi ya ruhusa, nije sasa hivi. Nikatoka mbio. Kisanduku sikukizima. Nilikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, nikaulizwa jina la babu yangu mara nne, nikaambiwa nirudi na barua ya daktari.

Narudi, ami kanipokea mlangoni, kanzu ina damu, furaha tele.

"Mbuzi wako kashikwa na kifafa! Mguu unapiga, kaanguka chini, nikajua anakufa. Nshamuwahi, alhamdulillahi. Ungekuta nyamafu hapa."

Lahaula! Ningemlaumu vipi? Ningekuwa yeye, ningekimbilia kisu vilevile.

Nikakichokoa kidude kwenye nyama, nikakiosha, nikakipima. Kizima! Nikakipeleka kwa daktari. Akakigeuzageuza, akasema mwezi haukutimia, na mbuzi wa kutembea mbele ya wakubwa wake hayupo. Barua hawezi kuandika. Yeye anasafiri wiki ile ile.

Niliporudi, uani kumejaa majirani. Nyama siku zile ilikuwa ya foleni, tena ufike imekwisha, kwa hiyo kila mtu alikuwa anamwombea ami dua. Mimi nilikuwa nimewekewa ini.

"Mbona huli, mwanangu?" ami akaniuliza. "Una nini?"

Watu wote wananitazama.

"Sina kitu, ami," nikamwambia. "Ahsante kwa kumuwahi."