Dakika Kumi za Mtandao

Wifi yangu Rawiya huvaa funguo mbili shingoni, ndani ya nguo, hata akiwa jikoni. Mmoja ni wa chumba cha juu, wa pili ni wa kabati lililomo chumbani humo. Ndugu yangu Harith, mumewe, hajaingia chumba hicho huu mwaka wa tisa, na ndiye aliyekijenga. Mna kompyuta humo, na ndani ya kompyuta mna nusu ya wanawake wa Langoni, mtaa wetu hapa Lamu, bila buibui.

Ndiyo kazi yake. Hupiga picha za harusi, upande wa wanawake. Siku ya kutolewa bibi harusi, hina imekoza, nywele ziko wazi, na mama zetu watu wazima wanacheza ngoma ya vugo mpaka jasho linawachuruzika, mwenye kamera ni Rawiya peke yake. Mlangoni huweka kikapu cha ukindu, na kila aingiaye hutia simu yake humo, awe mgeni wa Mombasa au mama mzazi wa bibi harusi mwenyewe. Nimemwona akimrudisha mke wa ofisa mmoja kwa sababu alificha simu ya pili mkobani. Picha zikishakuwa tayari humpa mama mtu flashi mkononi, hatumi mtu, na nakala hubaki kwake. Wako waliopoteza zao na wakaja kuziomba baada ya miaka, wakazikuta.

Mimi ni kinyume chake. Chai naimeza ikiwa bado ya moto, na foleni yoyote hunipandisha presha. Nakaa ghorofa ya chini ya nyumba hiyo hiyo, watoto wangu wameshakua, basi mimi huenda naye harusini kushika taa na kupanga watu.

Kompyuta ile haikuwahi kuunganishwa na mtandao. Rawiya aliiweka ndani kama mwari. Aliyemuuzia alimwambia atie programu ya kuzuia virusi na aisasishe kila mara, naye akamjibu kuwa hayo ni ya watu wanaozurura mitandaoni. Flashi hakuzifikiria. Kila nyumba yenye harusi humletea flashi ya nyimbo wanazotaka zisikike nyuma ya picha, na flashi hiyo imeshapita kwa binamu, kwa duka la kuchapisha, kwa vijana wa muziki, na imeshachomekwa kila mahali. Zote alizipokea na kuzichomeka, kwa kuwa zilitoka kwa watu anaowajua.

Ijumaa asubuhi, siku sita kabla ya harusi ya Amal, binti wa Bi Mardhiya, nikasikia naitwa.

"Mwanatumu! Ndoo yuu!"

Nilipanda mbio, nikamkuta amesimama mbali na meza, mikono kifuani. Kwenye skrini folda zilikuwa pale pale, kila moja na jina la bibi harusi wake, ila kila moja imeota mshale mdogo pembeni. Ukiibonyeza haifunguki. Linatokea dirisha jeusi, linapepesa, linapotea. Diski ya nje, ile aliyoiita ya akiba, nayo ilikuwa vivyo hivyo, maana ilikuwa imechomekwa hapo mwaka mzima.

"Picha zimekwenda wapi?" nikauliza.

"Siyui. Yana zalikuwapo."

Harusi arubaini na moja. Rawiya akajitupia buibui lake akaenda kumtafuta Wafula, mwalimu wa kompyuta anayetengeneza mashine za watu baada ya kazi, na siku zile skuli zilikuwa zimefungwa. "Usiguse kitu," akaniambia.

Nikakaa. Nikazihesabu folda. Nikasimama, nikachungulia dirishani, nikakaa tena. Niliwahi kusikia kwamba dawa ya virusi hupatikana bure mtandaoni, unapakua tu, basi. Nikawasha mtandao wa simu yangu nikaiunganisha na kompyuta. Wallahi nilitaka arudi akute mambo yamekwisha, anishukuru. Hata hiyo dawa sikuipata. Kila nilipobonyeza kilifunguka kitu kingine, na taa ya kompyuta ikawa inawaka na kuzimika haraka haraka, na mimi nikaiona dalili nzuri.

Rawiya akaingia akaiona alama ya mtandao chini ya skrini. Hakupiga kelele. Alichomoa waya ukutani kwa mkono mmoja, akakaa chini sakafuni na buibui lake.

"Muda gani?"

"Dakika kumi."

Akazishika funguo zake shingoni. Bora angenitukana.

Wafula, aliyekuja naye akangoja mlangoni, ni mtu wa bara, lakini amekaa Lamu vya kutosha kujua asichopaswa kuuliza. Kikawaida mtu humpelekea kompyuta kwake akaifuata kesho yake. Rawiya akamwambia kompyuta haitoki, na yeye Wafula haingii.

"Sasa nitatengeneza aje kitu sioni, madam?"

"Utanena, mimi tafanya."

Basi akaketi kwenye daka, barazani mbele ya mlango wetu, akiupa mlango mgongo, na mimi nikawa wa kupanda na kushuka ngazi na maneno yake. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kompyuta imeingia mtandaoni.

"Kidogo," nikasema.

"Kidogo ni ngapi?"

Nikamwambia. Akakuna shingo. Alisema virusi wengine kazi yao ni kuficha mafaili na kujirudufu kwa kila flashi, hawana zaidi. Wengine wakipata mtandao huwasiliana na aliyewatuma, wakampelekea walichokipata. Hawa wetu hakuwajua bado. Akaomba aione simu yangu, akatafuta mahali panapoonyesha mtandao uliotumika.

"MB thelathini na mbili."

Nilipanda na hesabu hiyo nikamuuliza Rawiya picha yake moja ni kiasi gani. Akasema nane. Sikuhitaji mwalimu kugawanya. Picha nne. Kati ya maelfu, nne zingeweza kutoka. Ni za nani?

"Pengine hazikutoka," Wafula alisema nilipomshukia. "Kompyuta ambayo haijaona mtandao miaka yote, ikiuona tu inaanza kupakua vitu vyake yenyewe. Inawezekana ni hiyo tu."

"Inawezekana au ndiyo?"

"Inawezekana."

Alikuja na flashi aliyoitayarisha kwake. Kompyuta ikawashwa kutoka kwenye flashi hiyo, ili virusi wabaki wamelala, ikaanza kuwasaka. Watu wakaenda msikitini, wakarudi, bado inasaka. Nilimpelekea chakula Wafula mara mbili bila kuombwa, kwa kutoweza kukaa. Mwisho ikasema imewapata na kuwafuta. Hapo akaandika mstari mmoja kwenye karatasi, herufi na alama zisizosomeka kwa mtu wa kawaida, nikapanda nao. Rawiya akaziandika moja moja kwa kidole kimoja, akinisomesha kila alama kana kwamba nimezitunga mimi. Akabonyeza.

Folda zikarudi, bila mishale. Akafungua ya kwanza, akamwona bibi harusi wa miaka tisa iliyopita, ambaye sasa ana watoto watatu, amekaa na leso yake ya kisutu.

"Zalikuwa papa hapa," akasema. "Zimefitwa tu." Akalia mpaka nikaogopa.

Kazi iliyobaki ilimalizika Jumamosi jioni. Picha zikahamishiwa kwenye diski mpya mbili, kompyuta ikafutwa yote na kupandikizwa upya, ikapewa kinga yake. Diski moja hufungiwa kabatini, haichomekwi ila siku ya kuongeza nakala, kisha huchomolewa papo hapo. Flashi ya mtu yeyote, hata ya shangazi, hupimwa kwanza, tena kwenye kompyuta kuukuu isiyo na kitu. Wafula alilipwa, akaaga, na mimi nikadhani tumepona.

Kumbe ndiyo kwanza naanza kuumwa. Niliingia kila grupu la WhatsApp nililonalo na nisilolipenda, natafuta picha nne. Kijana akiteremsha kichwa kwenye simu yake barazani, nampitia nyuma nichungulie. Wanaume wawili wakicheka dukani, najua wanamcheka nani, kisha najua sijui lolote. Nilichoka na nafsi yangu.

"Unyamae tu," nikamwambia Rawiya Jumapili. "Hakuna atakayejua."

"Wamenipa amana, wifi. Wao ndio wa kuamua, si mimi."

Akaanza kwa Bi Mardhiya, kwa sababu harusi ya bintiye mkubwa imo, na ya mdogo ni Alhamisi. Nilimsindikiza mpaka kichochoroni, akanizuia nisiingie. Siku tatu alizunguka hivyo, nyumba arubaini na moja, mimi nimesimama nje kila mahali na miguu inanichoma. Kuna waliomkumbatia. Mmoja alimfuata mpaka chumbani akataka zake zifutwe mbele yake, zikafutwa. Mwengine hakumfungulia tena mlango, na huyo alikuwa rafiki yake wa utotoni. Nilipomuuliza huwaambia nini, alisema, "Nawambia ilivyokuwa."

Alhamisi tulikwenda kwa Amal tukiwa na kamera, taa na kikapu. Hatukujua kama tutapokewa. Bi Mardhiya alikuwa mlangoni mwenyewe, na nyuma yake wanawake wamejaa.

"Ingia ufanye kazi yako," akamwambia Rawiya. "Lakini kadi ya kamera italala kwangu. Haitoki nyumba hini."

"Haya, Bi Mardhiya."

Kisha akanigeukia mimi, kwa upole kabisa. "Na wewe, Mwanatumu, mwangalie wifi yako. Kuunganisha kompyuta na mtandao bila kuuliza mtu! Papara hini sikuiyua kwake."

Rawiya akainama kufungua begi la kamera, ambalo lilikuwa limeshafunguliwa.

Nyumba arubaini na moja! Mtu asiye na haraka hata ya kumeza mate alikuwa amezipita zote amebeba papara yangu, na wao wote, wanaotujua tangu tuko wadogo, wakamwamini. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Ningeweza kunyamaza, alikuwa ameshanilipia.

Nikaitoa simu yangu nikaiinua, kila mtu aione.

"Mtandao ule ulikuwa wa simu hii, Bi Mardhiya," nikasema. "Alimwambia mtu asiguse kitu. Mtu mwenyewe ni mimi."

Bi Mardhiya alinitazama, akamtazama Rawiya, akanitazama tena. Rawiya akasimama, akanishikia kikapu, bado kitupu.

"Itie," akasema. "Wazuia watu ndia."

Nikaitia, ya kwanza kabisa, na Bi Mardhiya akatia yake juu yake.