Tulivyozikausha Kuta za Chini, Kilosa na Mikumi

Siku ya kwanza kazini nilivaa gauni jeupe. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa fundi rangi katika idara ya ujenzi pale Kilosa, nami nilidhani fundi rangi anapaka rangi. Fundi Mkuu, mzee mrefu aliyezaliwa katika kambi ya reli, alinitazama toka juu hadi chini, akanipa brashi ya waya na kunishusha ngazi hadi kwenye stoo iliyochimbwa chini ya ghala.

"Shikamoo mzee," nilimwambia.

"Marahaba, binti. Hapa kabla ya kupaka tunabandua. Ukuta huu umepakwa mara nyingi, na kila aliyepaka alikuwa anaficha maji."

Jioni nilirudi nyumbani, mtaa wa Magomeni wa pale pale Kilosa, nimegeuka rangi ya vumbi. Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Niwaeleze ninyi vijana mnaoanza ufundi. Chumba cha chini kimezungukwa na udongo. Udongo ukilowa, maji hupenya kwenye bloku za saruji, maana zina vitundu. Yakipita huacha chumvi, ule unga mweupe unaoota ukutani. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake, inavimba malengelenge na kudondoka. Kwa hiyo tulikwangua rangi yote kwa patasi na brashi, tukaosha chumvi, tukapanua nyufa kwa tindo na kuzijaza mchanga na simenti. Kisha tulipaka simenti iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, mkono wa kwanza na wa pili, ndipo tukapiga lipu. Rangi ilikuja mwisho kabisa, tena ya maji, ili ukuta upumue.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Maduka yalijaa bidhaa, na serikali ikaanza kupunguza watumishi. Fundi Mkuu na mimi tulipunguzwa pamoja. Alikaa kwenye ngazi za ofisi.

"Sasa mzee," nikamuuliza, "kuta zote zimepona?"

Akaanza kucheka. Tukafungua kampuni yetu ya watu wawili, yeye Mkurugenzi, mimi Meneja, na mali ya kampuni ilikuwa ndoo, miko na brashi.

Kazi yetu kubwa ya kwanza ilikuwa Mikumi. Mama mmoja mfanyabiashara, aliyeanza kwa kuuza vitenge sokoni, alikuwa amenunua nyumba kuukuu kando ya barabara ya Iringa ili aifanye nyumba ya wageni. Tulimwita Mama Mwenye Nyumba. Ukumbi wa chini ya ardhi ulinuka uvundo, na arusi ya bintiye ilikuwa inakaribia, katikati ya masika.

"Pakeni juu kwa juu," alisema. "Wageni wanakuja kula pilau, hawaji kukagua kuta."

"Mama, ukuta utalia mbele ya wakwe," Fundi Mkuu akamjibu.

"Basi nitatafuta fundi mwingine."

Nikaona kazi inatuponyoka. Nikamwomba atupe kipande cha ukuta tu, upana wa mlango. Tulikifanyia kila hatua, tukakiacha kikauke. Aliporudi kutazama, tulimwaga madebe ya maji nje, usawa wa ukuta ule, tukashuka pamoja. Kulia na kushoto maji yalichuruzika. Kipande chetu kilikuwa kikavu. Mama Mwenye Nyumba akavua viatu, akapanda juu, akachota debe jingine na kulimwaga kwa mikono yake. Aliporudi alikipapasa, akanuna kidogo, kisha akacheka.

"Haya, fanyeni zote. Ila arusi yangu msiicheleweshe."

Tulifanya zote, tukachimba na mtaro nje ili maji ya paa yapate njia. Tulimaliza wiki ya arusi yenyewe.

Sherehe ilipangwa chini ya turubai uani. Pilau haijapakuliwa, mvua ikashuka, turubai likaanza kulegea kwa uzito wa maji, na mshereheshaji akatangaza kila mtu ashuke chini. Walishuka wote, na masufuria, na bibi arusi ameinuliwa gauni na shangazi zake. Wazee wa upande wa bwana arusi waliegemea ukuta na makoti yao mazuri, huku maji yakivuma mtaroni. Fundi Mkuu, ndani ya suti ya kuazima, alizunguka akipapasa kuta katikati ya hotuba.

"Fundi, unatafuta nini huko?" Mama Mwenye Nyumba alimwita. "Bibi arusi yuko huku!"

"Natafuta jasho la ukuta, mama. Silioni."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nililia, nikasingizia pilipili. Kabla watu hawajatawanyika, mkwe mmoja alikuwa ametuita Rudewa tukaone stoo yake.

Tuliendelea hivyo miaka mingi, mpaka Fundi Mkuu akatangulia mbele ya haki na magoti yangu yakaanza kulalamika. Sasa nimestaafu, nalima mahindi Msowero. Vijana mna dawa nzuri kuliko zetu, na mashine za kubandulia. Nawaonea wivu kidogo. Ninachowaomba ni kwamba mjue maji yanatoka wapi kabla ya kufungua kopo la rangi.

Juzi niliitwa Kilosa mjini kutoa ushauri tu kuhusu stoo ya chini. Nilishuka kutazama, nikaona lengelenge moja la rangi, mkono ukaniwasha. Binti yangu alikuja kunitafuta, akanikuta kule chini nimeshika patasi ya watu.

"Shikamoo mama. Si ulisema umestaafu?"

"Marahaba. Nimestaafu kupanda ngazi. Kushuka bado naweza."

"Na kurudi juu je?"

"Ndiyo maana umekuja," nikamwambia. "Nipe mkono."