Mdiria Aliyepigwa Picha Stoo

Ukipita asubuhi kandokando ya shimo walikokuwa wakichimba udongo wa matofali, ambalo sasa ni bwawa, utaona gunia kuukuu limeegemea matete. Usilipige teke. Gunia hilo linapumua, lina kamera, na likikasirika linatukana.

Ndani yake yumo Mama Pasipoti. Jina hilo amepewa na wateja wa studio yake ndogo, ambako mchana kutwa hupiga picha za vitambulisho. Asubuhi huja hapa kupiga za ndege wa porini: uso tu, kwa karibu, mpaka kila unyoya wa shavuni uonekane.

"Binadamu namwambia kaa wima, anakaa. Ndege humwambii kitu," ananong'ona. "Unakaa wewe, mpaka yeye akusahau."

Na kukaa anakujua. Anasimulia kwamba mwaka jana alitulia hadi buibui akafuma utando kutoka puani mwake mpaka kwenye lenzi, na siafu wakampita mgongoni kwa mstari, wakidhani serikali imewajengea barabara. Ukicheka, anakunja mkono wa blauzi akuonyeshe makovu.

Lenzi yenyewe aliipata kwa kuuza friji. Mumewe, dereva wa lori, alirudi safarini na kiu yake, akaingia jikoni, akakuta pengo.

"Maji ya baridi yako wapi?"

"Yanaangalia ndege."

Leo kijiti alichokichomeka majini ni kitupu. Hapo ndipo alipozoea kutua mdiria mmoja jike, mvuvi hodari wa samaki, mwenye ncha ya mdomo iliyomeguka. Tangu mvua zianze, Mama Pasipoti alikuwa akimzoesha lile gunia, akilisogeza kidogo kidogo kila alipokuja. Alikuwa amebakiza padogo tu ampate uso mzima. Kisha ndege akatoweka.

Alikokwenda, kalenda ndiyo iliyosema.

Kampuni moja ya uchapaji ilikuwa imeitisha mashindano ya picha za nyuso za ndege kwa ajili ya kalenda yake. Sharti lilikuwa moja: ndege awe huru porini. Aliyeshinda ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye Mama Pasipoti mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika kamera. Picha ya ushindi aliikuta kwenye kalenda, ukutani kwa fundi cherehani, jirani wa studio.

"Nikaona mdomo uliomeguka. Nikasema, ah, shemeji kanitangulia, hongera yake," anasema. "Halafu nikatazama jicho."

Jicho la ndege ni kioo. Likipigwa kwa karibu, linabeba kila kilicho mbele yake. Picha za bwawani hubeba mbingu na matete. Jicho hili lilibeba dirisha la nondo lenye pazia lililofungwa fundo katikati, na katika ukoo ule mzima anayefunga pazia namna hiyo ni mtu mmoja tu: mama mkwe.

Hakukumbuka hata kufunga studio. Mteja aliachwa kwenye kiti, kidevu juu, hajui kama ameshapigwa picha au bado.

Stoo kwa mama mkwe, kati ya ndoo na magunia ya mkaa, mdiria alikuwa amefunikwa na tenga. Ulimbo ulikuwa umemganda mbawani, na nusu ya mkia ilikuwa imenyofoka.

"Mwanangu, mimi aliniambia ni kifaranga mgonjwa, nikawa namlisha dagaa," mama mkwe akaanza.

"Kifaranga, mama? Mwenye mdomo kama mkasi?"

Shemeji akatokea, kifua mbele. "Shemu, punguza moto. Ndege si ndege tu? Wewe unakaa kwenye gunia mpaka unaota uyoga. Mimi asubuhi moja, kazi kwisha."

"Umemnasa kwa ulimbo, umemfungia gizani, halafu unaandika yuko huru porini. Pori gani hilo, la ndoo na mkaa?"

"Atazoea."

"Ingia wewe chini ya tenga, tuone utazoea lini!"

Alimtoa ulimbo kwa mafuta ya kupikia, unyoya kwa unyoya, akamwosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, akamkausha, kisha akamrudisha bwawani. Ndege akaruka chinichini, akipepesuka, akapotelea kwenye matete ya ng'ambo. Tangu hapo hajaonekana.

Alipoipigia simu kampuni, mtu wa mauzo alimsikiliza kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma zaidi.

"Mama, kalenda zimeshachapishwa. Watu wanatazama tarehe, hawatazami jicho. Wewe tuletee yako mwakani."

"Niwaletee!" Gunia linatikisika mpaka vyura wanajitosa majini. "Sharti waliandika wao! Sisi tuliokaa na mbu ndio wajinga, mwenye ulimbo ndiye fundi? Na hao waliokaa mezani kuchagua, walikuwa wanatazama nini, vikombe vyao vya chai?"

Nyumbani wanamsihi anyamaze. Mumewe alimbembeleza kwamba jambo la ndugu huzungumzwa ndani.

"Ndani?" alimjibu. "Ndani ndiko alikofungiwa!"

Sasa anatengeneza kalenda yake mwenyewe, ya ndege ambao hakuna mkono uliowagusa. Yumo korongo mwenye sura ya hakimu aliyechoka. Yumo kunguru anayekutazama kama mama mwenye nyumba. Kila mwezi umepata uso wake, isipokuwa mwezi wa sita. Huo ameuweka kwa ajili ya mdiria, na kila asubuhi anarudi kumngoja.

"Na asiporudi?" fundi cherehani alimuuliza juzi.

"Mwezi wa sita utabaki mweupe."

"Watu si watadhani mashine imekosea?"

"Hawatadhani," alisema Mama Pasipoti. "Chini yake nitaandika jina la shemeji yangu, kwa herufi kubwa."