Namba Kumi na Mbili ni Yangu

Kila mwezi wa tatu, mimi na binti yangu hukaa mezani kujaza karatasi ya mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vya Marekani, tukikisia nani atamtoa nani mpaka apatikane bingwa. Katika kila kundi timu hupangwa kwa ubora, namba moja hadi kumi na sita. Namba moja huanza na kumi na sita, namba tano na kumi na mbili, na anayefungwa anarudi nyumbani.

Kazi yangu benki, kule Braamfontein, ni kubashiri ya mbele kwa kutazama ya nyuma. Kwa hiyo nilimpa mtoto kanuni zangu angali mdogo. Namba moja usimtoe mechi ya kwanza. Namba tano mtilie shaka, maana karibu kila mwaka kuna kumi na mbili anayemwangusha mmoja wao. Siku hizi ana simu, ana marafiki, ana mlango uliofungwa. Ile karatasi tu ndiyo iliyokuwa imebaki yetu wawili.

Basi mwaka huu nimetoka kazini na matokeo ya miaka iliyopita nimeyachapisha vizuri, nafika nyumbani Turffontein, mtoto hayupo. Ameenda kusukwa. Na karatasi ameibeba!

Msusi wake ni mama wa Lubumbashi, mrefu, aliyecheza kikapu enzi za shule. Nikamfuata saluni. Nikamkuta binti yangu amekaa chini katikati ya magoti ya msusi, karatasi mapajani, wanacheka. Mimi nikishika kichwa hicho hicho analia utadhani namchoma kwa pasi. Hapo ametulia tuli, na anamwita msusi Maman. Haki ya Mungu, wivu ulinipanda.

"Huyu tano ataanguka," msusi akasema huku anavuta nywele. "Weka kumi na mbili, mutoto."

Ala! Kanuni yangu hiyo! Nimeitafuta mwenyewe, mwaka kwa mwaka, halafu mtu anaitoa mdomoni kama yake, na mwanangu anaandika!

"Karibu, mama, kaa," akaniambia.

"Nina haraka," nikasema, nikakaa. Binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nakubali ile kumi na mbili. Nikamwambia achague anayemtaka, mimi inanihusu nini? Yale makaratasi yangu hayakutoka mkobani. Nilinuna mpaka msuko wa mwisho, na njiani kurudi nikanuna tena.

Alhamisi jioni tukatazama mechi sebuleni. Namba tano alianza kwa kishindo, nami, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nilikuwa tayari kanuni yangu mwenyewe ianguke ili yule mama akosee. Dakika za mwisho namba kumi na mbili akapita, akashinda.

Binti yangu aliruka juu. Nikafungua mikono. Akanipita, akachukua simu kwenye kochi, akampigia msusi. Mikono yangu nikaipeleka kwenye mto wa kiti, nikajifanya naupanga. Nilikuwa hapo hapo, kando yake!

Wakapigiana kelele weee. Kisha akaninyooshea simu.

"Ma, anakutaka."

Nikaipokea kwa vidole viwili. "Haloo."

"Mama, ulisema kweli!" msusi akasema. "Kumi na mbili yako imeshinda."

"Yangu?"

"Si yako? Mimi nilijua wapi? Huyu mutoto akikaa hapa, ni weye tu. Mama alisema hivi, mama alisema vile, mpaka nywele inaisha. Mimi narudilia tu maneno yako."

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa ameinamia karatasi, anatia alama, masikio yamemwiva.

"Sawa, dada," nikasema. "Jumamosi niwekee nafasi. Nakuja kusukwa mimi, na yeye akae pembeni aongee. Nataka kuyasikia kwa masikio yangu."