Bendera Kwenye Gari la Arusi

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, gari la kunipeleka kwa mume wangu lilipozuiwa na ami yangu mwenyewe. Nikaha imeshapita, pilau imeshaliwa, na kule Mjambere wakwe wananisubiri. Mimi nimo garini, hina mikononi, jasho likiniharibia wanja. Ami, ndugu wa marehemu baba na ndiye aliyenilea, amesimama mbele ya boneti kama gogo.

Kisa kilikuwa bendera. Musa, rafiki wa bwana arusi, alichomeka bendera ya taifa kwenye pembe ya boneti, kama gari la waziri, akaja nayo kutoka Magongo hadi kwetu Chaani akipiga honi njia nzima. Nami, nisikufiche, nilipoiona nilivimba kichwa. Nani pale Chaani aliwahi kuolewa kwa bendera?

"Musa," ami akauliza, "muna mkubwa gani wa nchi humu?"

"Ami, leo bibi arusi ndiye mkubwa!"

Watu wakacheka. Ami naye akatabasamu, lakini hakusogea.

"Wallahi, kwa gari lenye bendera hii mwanangu hatoki."

Bibi arusi akirudishwa ndani, watu hawaulizi sababu, wanajitungia. Nikaita kwa sauti ndogo, "Ami, nakuomba."

Akaja dirishani. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, na sauti hakupandisha.

"Mwanangu, sisi bendera ilishonwa begani kwa kazi tuliyotumwa. Shati likichakaa, twaibandua kwanza, ndipo shati liwe la kufutia viatu. Na mara ya mwisho kuishika kwa mikono hii, ilikuwa juu ya jeneza la mwenzangu. Arusi ni yako. Hiyo ni ya watu wote."

Nikaitazama tena. Vumbi la njiani limeifubaza rangi, na ukingo umechanika. Nikaona haya.

"Itoe, Musa," nikasema.

Ami akaipokea kwa mikono miwili, akaipangusa kwa kanzu yake nyeupe ya sherehe, akaikunja bila kuiacha iguse chini. Musa akanuna, boneti limebaki tupu. Ndipo shangazi, ambaye hajapata kuvumilia kitu kitupu, akavua leso yake begani, akaitandaza juu ya boneti na kufunga ncha zake kwenye vioo. Iliandikwa: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Vigelegele mpaka Mjambere, na mama mkwe aliisoma kwa sauti kabla hata hajaniona mimi.

Heshima si utumwa, mwanangu. Leo nawaona mwaichomeka kwenye tuktuk mpaka inageuka tambara, na kujishonea kwenye majaketi ya matembezi. Sheria imewataja wanaopeperusha bendera garini, na mimi na wewe hatumo. Ukipewa sare yenye bendera, ivae safi, na usiipeleke pa aibu. Ikichakaa, ibandue kwanza.

Na siku yako ikifika, usiazime ukubwa. Njoo uichukue ile leso. Ninayo bado, na mume wangu ndiye aikunjaye. Mola akujaalie mke mwema, na gari litakalomleta lisizuiwe na ami yeyote. Amin.