Bunduki Yake, Bolti Yangu

Mume wangu alikata tangazo la bunduki kwa mkasi wangu wa jikoni, ule wa kukatia kuku, akaja kuliweka mezani mbele yangu kama mtu aliyeleta posa. "Unaonaje?" akaniuliza.

Mikono yangu ilikuwa kwenye unga. Sikujua nicheke au nilie, maana hilo ndilo swali lake la kwanza kwangu tangu kaka yake afariki huko Singida. Kaka mtu alizikwa siku ile ile kabla ya alasiri, nasi huku Toronto hata bei ya tiketi hatujauliza. Toka hapo bwana huyu, ambaye zamani akianza kusimulia unamwomba Mungu apaliwe na chai, alihamia kwenye kiti cha dirishani. Kutwa anatazama bonde la Don na mabasi yaendayo Eglinton. Chakula anakigusagusa tu. Nikimpa habari, "Mm." Nikimuuliza, "Mm." Kazi ya ofisi alishastaafu, kwa hiyo hata sababu ya kuvaa viatu hakuwa nayo.

Bunduki ya kwenye tangazo ilikuwa ndogo, ya kulengea shabaha na kuwindia ndege, na risasi zake ndogo kama kokwa la tende. Ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote ukurasani, na kitako chake kilikuwa cha plastiki nyeusi. Mimi nimekulia Tanga. Bunduki nilizoziona utotoni ni za polisi, na polisi wenyewe nilikuwa nawakimbia.

"Bunduki? Huku ghorofani?" nikamwambia. "Unataka kumpiga nani, njiwa wa barazani?"

Akatabasamu. Wallahi alitabasamu, kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Jumapili akaja kaka yangu kutoka Mississauga. Huyu kaka yangu hajapata kushika bunduki hata ya kuchezea, lakini jambo asilolijua yeye bado halijazaliwa. Alikuwa ameshasoma mtandaoni wiki nzima. "Shemeji, hii achana nayo," akasema, mdomo umejaa biriani. "Plastiki tupu, kifyatulio kigumu, itakusumbua. Rahisi ghali. Jikaze kidogo upate ya mbao."

Nikangoja "Mm." Badala yake mume wangu akavuta kiti karibu na meza.

"Wewe unajua nini? Sisi Singida tulikuwa na bunduki moja tu, ya marehemu baba. Kitako kimepasuka, tumekifunga waya wa simu. Mimi na kaka tunaibeba kwa zamu. Yeye akipiga, mimi naokota. Mimi nikipiga, yeye ananicheka mpaka anakaa chini. Basi kwale tuliokula kwa waya ule! Mbao ya nini? Kwani ndege anauliza kitako?"

Tulicheka wote. Akaongeza biriani mwenyewe, bila kubembelezwa, nami nikaenda jikoni kujifuta macho na kusingizia pilipili.

Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa kikao. Kwetu hata jokofu halinunuliwi bila kikao, seuze bunduki. Kaka yangu anapiga simu kila jioni kutetea mbao, mume wangu anamjibu kwa kwale. Hatimaye mume wangu akampigia sheikh amfanyie istikhara, ile sala ya kumwomba Mungu aonyeshe lenye heri. Akarudi mikono nyuma, ameshinda. "Imetoka njema."

"Ulimwambia sheikh unataka kununua nini?"

"Nilisema chombo."

"Chombo! Si atakuwa amedhani sufuria?"

Ikabidi apige tena, ataje bunduki. Sheikh alikohoa kwanza. Kisha akamwambia kwamba istikhara ya jambo moja hairudiwi kama kubahatisha, na kwamba akiwinda ili ale, halali yake, ila akiwa anaua kwa kujifurahisha, bora abaki nyumbani. Mume wangu akaahidi kula kila atakachopiga.

Mimi nilikuwa nacheka nao, lakini kilichonikaa kooni hakikuwa plastiki wala istikhara. Binti yetu ni nesi. Kiswahili anakisikia chote, ila hukijibu kwa Kizungu. Siku moja alinifuata kwenye chumba cha kufulia, akaniuliza polepole: baba yuko katika hali hii, halafu tuingize bunduki ndani? Nikamkemea. "Nyamaza, usituletee uchuro." Lakini nguo nilizikunja vibaya nikazikunja tena, kwa sababu alikuwa amesema lile lile nililokuwa nikilala nalo. Kila mtu alijadili kama bunduki ile inafaa kununuliwa. Mimi nilikuwa naogopa mume wangu atajiua.

Na nchi hii haimuuzii mtu bunduki hivi hivi. Unasoma darasa la usalama, unaomba leseni, na kwenye maombi mkeo anatia sahihi kwamba ana habari. Akamaliza darasa lake, akaniletea karatasi na kalamu.

"Kaa," nikamwambia. Akakaa. "Nitakuuliza neno moja, na ukinijibu 'Mm' naichana karatasi hii. Unataka kufa?"

Akatazama mikono yake. Kwetu maneno hayo hayatamkwi. Mtu akiwa na huzuni anaambiwa asali, aseme alhamdulillahi, yaishe. Nilidhani atanigombeza.

"Kufa sitaki," akasema. "Ila kuna asubuhi naamka sioni naamkia nini. Huko porini angalau nitaamkia kwale."

Nililia, tena kwa hasira. "Mwanaume wewe! Muda wote huu umeniacha peke yangu na hizo Mm zako, kumbe unalo la kusema?" Alinyoosha mkono kuniomba radhi, nikaupiga kofi, kisha nikaushika. Nikampa masharti. Kwanza, kwa daktari tunakwenda wiki hii, na haya uliyoniambia unamwambia yeye. Pili, hiyo bunduki ina kitu gani ambacho kikitoka haifanyi kazi?

"Bolti," akasema. "Kile chuma cha kusukumia risasi ndani. Kinachomoka."

"Basi hiyo bolti inakaa kwangu. Na risasi utanunua huko huko unakopigia, nisione hata moja humu ndani."

"Unanifanya mtoto?"

"Nakufanya mume wangu. Mtoto ningemnyima."

Sahihi sikutia siku hiyo. Nilitia baada ya miezi mingi, daktari alipokwisha kumpa dawa na mtu wa kuongea naye, akatwambia sasa haoni kizuizi. Askari wa leseni aliponipigia simu kuniuliza kama nina wasiwasi, nilimweleza yote, sikumficha kitu. Akamtaka daktari naye aandike. Leseni ikaja imechelewa, nami kuchelewa kwake nilikushukuru.

Dukani tulikwenda watatu, kaka yangu akiwa wa kwanza mlangoni. Muuzaji akaweka mezani ile ya plastiki na nyingine ya mbao iliyong'aa kama kabati la bibi harusi. Mume wangu akazipandisha begani moja baada ya nyingine. Akachomoa bolti ya ile ya plastiki, akatazama ndani ya mtutu akiuelekeza kwenye mwanga. "Mtutu umenyooka," akasema. "Kifyatulio kigumu, shemeji umesema kweli. Plastiki itaniletea aibu tu, na aibu haiui." Akaishika tena ya mbao, akaipapasa, akairudisha. "Hii nzuri. Lakini yetu ilikuwa ya waya."

Akanunua ya plastiki. Pale pale kaunta akanikabidhi bolti, nikaitia mkobani pamoja na funguo na tasbihi. Muuzaji akatutazama kwa zamu. Bila shaka alidhani ndivyo wanavyofunga ndoa Afrika.

Nyumbani niliiweka ndani ya kopo la iliki, nikalificha nikujuako mimi. Kila Jumamosi alivaa koti, akasimama mlangoni mwa jikoni. "Mama, nipe iliki yangu." Nampa. Ndipo tunapoongea kidogo: umelala vipi, dawa umekunywa, utarudi saa ngapi. Kwenye uwanja wa shabaha, alisema, wenzake walishangaa bunduki gani hii inanukia pilau.

Msimu wa ndege ulipofika alikwenda kaskazini na wenzake, akarudi na kwale mmoja wa huku, mdogo, aliyepigwa kwa bismillahi. Tulimpika mchuzi wa nazi tukamla watu wanne. Kaka yangu alipata paja, akalitafuna hadi mfupa, akakiri kwamba plastiki nayo inapiga.

Mwaka uliofuata, siku za baridi ya kwanza, mjane wa shemeji yangu alipiga simu kutoka Singida. Anahamia Dar kwa wanawe, na nyumba ya wazee, walimokulia mume wangu na kaka yake, imepata mnunuzi. Mume wangu alimjibu vizuri, akamwombea heri, akaniambia ni jambo la busara. Wiki hiyo alikula kama kawaida.

Jumamosi asubuhi akavaa koti, akafunga viatu, akasimama mlangoni mwa jikoni. Sikungoja aombe. Nikafungua kopo nikampa. Akaishika bolti kiganjani, akaitazama kwa muda. Kisha akaufungua mkono wangu, akairudisha humo, akanifunga vidole kimoja kimoja.

"Leo kaa nayo," akasema. "Nikiiomba usinipe. Hata nikigomba."

"Ni zile asubuhi?"

"Ndizo."

Nikapiga magoti nikamvua viatu. Halafu nikafikiri, hapana, leo ni kwa daktari, nikamvisha tena. Nikampigia binti yetu. Alikuja mbio na nguo zake za kazini, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimjibu baba yake kwa Kiswahili: "Twende, Baba. Tuko wote." Alishatafuta daktari wa zamu, tukaenda.

Tulikaa kwenye viti vya kungojea, yeye katikati. Bolti ilikuwa mfukoni mwa koti langu, nimeishika toka nyumbani hadi imepata joto.

"Unayo?" akaniuliza.

"Ninayo."

Akaegemeza kichwa begani mwangu mbele za watu, mwanaume ambaye hajapata kunishika mkono barabarani, akafumba macho mpaka tulipoitwa.